Tochi Ndogo ya LED Isiyowaka: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu na Kuitengeneza

Tochi ndogo ya LED inapokataa kuwaka, watu wengi huamua papo hapo kwamba taa yake imeungua, kisha huitupa. Mazoea hayo yametokana na tochi za zamani zilizotumia balbu yenye uzi mwembamba, kwa kuwa uzi ule ulikatika mara kwa mara na ilikuwa haki kuushuku kabla ya kitu kingine chochote. Kwa tochi ya LED mambo ni kinyume. Diodi, yaani taa yenyewe ya LED, haina uzi wa kukatika, nayo huweza kuwaka kwa maelfu mengi ya saa iwapo haikupata joto wala mkondo wa umeme uliozidi kiasi chake. Kwa hiyo ndiyo inayopaswa kushukiwa mwisho. Kinachoharibika mapema zaidi ni njia ya umeme: betri iliyokwisha, mguso wenye uchafu, springi iliyolika, pete iliyolegea au kiungo cha risasi kilichopasuka. Karibu hitilafu zote hizi hutengenezeka mezani kwa vifaa vichache, mradi mtu azitafute kwa mpangilio na asianze kufungua kila kitu kwa pamoja.

Njia ya umeme ndani ya tochi

Kabla ya kushika chombo chochote, ni vizuri kuelewa umeme unapita wapi. Katika tochi ya kawaida ya bomba la alumini, umeme hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hugusa kitovu cha kibao kilichomo kichwani, hupita katika diodi, kisha hurudi kupitia ukingo wa kibao hicho hadi kwenye bomba lenyewe. Bomba huuchukua umeme hadi kwenye mkia, ambako hupita katika swichi na springi na kuishia kwenye ncha hasi ya betri. Huo ni mduara mmoja, na ukikatika mahali popote, hata kwa upana wa unywele, taa haiwaki. Kazi yote iliyoelezwa hapa chini ni ya kutafuta mahali ambapo mduara huo umekatika, na njia ya haraka ni kuugawa vipande viwili, kuthibitisha kwamba kimoja ni kizima, na kuendelea kukigawa kile kilichobaki.

Yapo mambo mawili kuhusu diodi ambayo yatasaidia mbele ya safari. La kwanza ni kwamba diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na ndiyo maana betri zilizogeuzwa, ambazo zingeiwasha balbu ya zamani bila tatizo, huiacha tochi ya LED gizani. La pili ni kwamba diodi nyeupe huhitaji takriban volti 3 ili iwake vizuri, ilhali nyekundu hutosheka na takriban 2. Sababu ni kwamba diodi nyeupe kwa kweli ni ya samawati iliyofunikwa unga wa rangi ya njano, na mchanganyiko wa rangi hizo mbili ndio tunaouona kuwa mwanga mweupe. Diodi ya samawati yenye mwanga mkali ilipatikana baada ya kazi ya miaka mingi, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Kwa fundi, jambo la kukumbuka ni hizo volti 3: tochi yenye betri tatu za volti 1.5 ina 4.5 na hulazimika kuupunguza umeme kwa rezista, yaani kijenzi kidogo kinachozuia sehemu ya mkondo, na yenye betri moja ya 1.5 haiwezi kuwaka bila saketi ndogo ya kupandisha volti.

Vifaa vya kuandaa

Andaa betri mpya za aina ileile, kipande cha waya wa shaba cha urefu wa kiganja, kitambaa safi, vijiti vyenye pamba, mswaki wa zamani, siki kidogo, pombe ya kusafishia, kipande cha msasa laini na koleo yenye mdomo mwembamba au kibano kigumu. Mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo, huokoa muda mwingi, ingawa nusu ya kazi hii inaweza kufanyika bila hiyo. Chuma cha kulehemu na risasi vitahitajika iwapo tu hitilafu itapatikana kichwani. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe au ndani ya sinia, kwa kuwa springi ndogo ikiruka huwa vigumu kuiona tena.

Hatua ya 1: Mambo ya kuangalia kabla ya kufungua

Iwapo tochi ni mpya, fungua mkia na uangalie kama kuna kipande chembamba cha plastiki kilichowekwa kati ya betri na mguso ili betri isiishe ikiwa dukani. Watu wengi hukisahau. Kaza mkia hadi mwisho, kwani tochi nyingi hukatika umeme kwa makusudi mkia unapolegezwa kwa robo mzunguko, na hiyo huwa njia ya kuifunga isiwake yenyewe mfukoni. Tochi zenye kitufe cha elektroniki ubavuni huweza pia kufungwa kwa kubonyeza kitufe mara kadhaa mfululizo au kukishikilia kwa sekunde chache. Soma karatasi ya maelekezo kama unayo. Hatimaye ipeleke tochi mahali penye giza na uangalie taa kwa pembeni, si kwa kuikodolea macho. Huenda inawaka kwa kiwango cha chini kabisa ambacho hakionekani mchana.

Hatua ya 2: Betri

Toa betri zote na uzitazame moja moja. Katika tochi zinazotumia betri tatu ndogo ndani ya kishikio cha plastiki, betri hazielekei upande mmoja zote, na kosa la kawaida ni kugeuza moja. Betri moja ikigeuzwa, hufuta nguvu ya mwenzake, na badala ya volti 4.5 hubaki 1.5, ambazo haziwezi kuiwasha diodi nyeupe hata kidogo. Kanuni ni kwamba upande bapa wa kila betri hukaa kwenye springi. Kishikio chenyewe nacho kina kichwa na mkia. Kikiingizwa kinyume, kila kitu kitaonekana sawa lakini tochi haitawaka. Kama hakina mshale, upande wenye kitovu cha chuma kilichochomoza kwa kawaida ndio chanya na hutazama kichwani.

Pima kila betri kwa mita. Betri mpya ya alkali husoma kati ya volti 1.5 na 1.6, na ikifika karibu na 1.0 imekwisha. Betri za nikeli za kuchaji husoma takriban 1.2 hata zikiwa nzima, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo cha alkali. Betri ya lithiamu ya kuchaji iliyojaa husoma 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 inahitaji kuchajiwa. Kumbuka kwamba kipimo cha betri isiyo na mzigo hudanganya: betri iliyochoka huweza kusoma 1.4 ikiwa mezani, kisha ikaanguka mara tu inapodaiwa mkondo. Kwa hiyo ushahidi wa kuaminika zaidi ni kuweka betri ambazo umezishuhudia zikifanya kazi katika kifaa kingine. Wako wanaopima betri za alkali kwa kuzidondosha juu ya meza na kusikiliza kama zinadunda. Ni kweli kwamba betri iliyotumika hudunda zaidi kuliko mpya, lakini hufikia mdundo huo ikiwa bado na karibu nusu ya nguvu zake, na ukiitegemea njia hii utatupa betri zinazofaa.

Usichanganye betri mpya na za zamani, wala betri za aina mbili tofauti. Iliyo dhaifu zaidi huisha kwanza, zenzake huendelea kuisukumia mkondo kinyume na asili yake, na matokeo yake ni kuvuja.

Betri za lithiamu zina mambo yake. Baadhi zina ncha chanya iliyo bapa na nyingine zina kitovu kilichochomoza, na tochi iliyotengenezwa kwa aina moja huweza kushindwa kugusana na aina nyingine hata kama vipimo vya betri ni vilevile. Zenye kibao cha ulinzi, yaani saketi ndogo ndani ya betri inayokata umeme kukiwa na hatari, huweza kusoma sifuri kabisa baada ya kudondoka au baada ya kugusana ncha mbili, na mara nyingi huamka zikiwekwa kwenye chaja kwa dakika chache. Lakini betri isiyo na kibao hicho, ambayo imekaa muda mrefu ikiwa imeshuka chini ya volti 2, isifufuliwe, wala iliyovimba, kubonyea au kuwa na joto bila sababu. Hizo huweza kushika moto. Zitenge na uzipeleke mahali panapokusanya taka za betri, na usizitupe motoni kamwe. Vibetri vya duara kama vifungo vya shati viwekwe mbali na watoto wakati wote wa kazi, kwa kuwa mtoto akimeza kimoja huungua kooni ndani ya saa chache, na huyo ni wa kukimbizwa hospitalini hata akionekana mzima.

Hatua ya 3: Unga mweupe, kutu na uchafu

Hapa ndipo ninapopata hitilafu nyingi kuliko mahali pengine popote. Tochi moja niliyoifungua ilikuwa imekaa kwenye droo kwa muda mrefu, na betri zake zilikuwa bado zinasoma volti za kutosha. Nilipoigeuza springi ya mkiani kuelekea dirishani niliona chembechembe nyeupe kama chumvi zimejikusanya kwenye mzunguko wake wa mwisho, pale tu inapoegemea betri, na kila mahali pengine pakiwa safi na kung'aa. Ukoko ule haukuzidi unene wa kucha. Matone mawili ya siki yaliutoa kwa povu, na tochi ikawaka bila kubadilishwa hata kipande kimoja.

Ukoko huo hutokana na betri za alkali. Ndani yake mna haidroksidi ya potasiamu, ambayo ikivuja na kukutana na hewa hugeuka fuwele nyeupe. Haidroksidi hiyo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu, kinga macho yako, na usipulize unga huo kwa mdomo. Kwa sababu ni alkali, huondolewa na asidi dhaifu: chovya kijiti chenye pamba katika siki au maji ya limau, sugua mguso hadi povu liishe, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha malizia kwa pombe ya kusafishia na uache pakauke kabisa. Siki iliyoachwa ndani huendelea kula chuma. Betri za bei ndogo za zinki na kaboni huvuja ute wenye asidi, nazo husafishwa kinyume chake, yaani kwa magadi kidogo yaliyoyeyushwa katika maji. Rangi ya kijani au samawati kwenye shaba ni kutu ya shaba yenyewe, nayo hutoka kwa siki na msasa laini.

Ikiwa betri imevimba na kunasa ndani ya bomba, usiipige kwa nyundo wala kuitoboa kwa kekee. Fungua kichwa na mkia, mwagia siki pembeni mwa betri, au maji ya magadi ikiwa ni ya zinki, iache kwa saa moja au zaidi, kisha gonga bomba juu ya ubao mara nyingi kwa nguvu ya wastani. Njia hii ni ya betri za alkali na za zinki pekee. Betri ya lithiamu iliyonasa iachwe mikononi mwa fundi, na tochi hiyo isigongwe.

Baada ya hapo safisha sehemu zote ambazo chuma hugusana na chuma. Watu hukumbuka springi na kitovu, lakini husahau ukingo wa bomba, ambao nao ni sehemu ya njia ya umeme. Bomba la alumini lenye rangi nyeusi au ya kijivu limefunikwa utando mgumu usiopitisha umeme, na ni kwenye midomo yake miwili tu, ambako chuma kimeachwa wazi, ndiko umeme hupita. Midomo hiyo na mifereji midogo ya kukazia hukusanya grisi ya zamani iliyochanganyika na unga wa alumini, ambayo huwa nyeusi na ngumu. Ifute kwa kitambaa chenye pombe hadi kitambaa kitoke safi, kisha pitisha msasa laini mara mbili au tatu juu ya mdomo wa bomba pekee. Usiuguse utando wa rangi mahali pengine.

Springi iliyopoteza nguvu huvutwa taratibu kwa koleo mpaka irefuke kidogo. Iliyolika hadi ikawa nyeusi na nyembamba haina budi kubadilishwa, na kama huna nyingine, unaweza kulehemu waya mwembamba wa shaba kutoka chini hadi juu yake ili umeme upite katika waya na springi ibaki na kazi ya kusukuma tu.

Hatua ya 4: Jaribio la waya

Ikiwa betri ni nzima na miguso ni misafi lakini bado hakuna mwanga, fanya jaribio hili kabla ya kufungua kitu kingine, kwa kuwa linaugawa mduara wote vipande viwili kwa sekunde chache. Ondoa mkia. Weka kichwa kikitazama chini, betri zikiwa ndani, na uzibonyeze kidogo kwa kidole ili zigusane na kichwa. Shika waya wa shaba, ncha moja iguse upande bapa wa betri na nyingine iguse mdomo wa bomba usio na rangi. Waya wako sasa umechukua nafasi ya mkia mzima pamoja na swichi yake.

Taa ikiwaka, kichwa na betri ni vizima na hitilafu iko mkiani. Nenda hatua ya 5. Isipowaka hata baada ya kusogeza waya mahali tofauti kwenye mdomo wa bomba, hitilafu iko kichwani. Nenda hatua ya 6. Kwa tochi yenye nguvu kubwa na betri ya lithiamu tumia waya mnene na uguse kwa muda mfupi, kwa kuwa mkondo wake ni mkubwa na waya mwembamba utaunguza vidole. Kwa tochi ambazo swichi iko ubavuni au kichwani, mkia ni kifuniko tu, hivyo jaribio litakuambia kama springi yake inagusa lakini halitasema lolote kuhusu swichi. Kwa tochi ya plastiki, tafuta ukanda wa chuma unaopita ndani ya bomba na uguse huo badala ya mdomo.

Ukiwa hapo, chunguza pia ganda la plastiki linalozunguka betri ya lithiamu. Mwili wote wa betri hiyo ni upande hasi, na ganda likichanika, chuma chake hugusa bomba na kuiruka swichi. Dalili yake ni tochi inayowaka wakati wote na kukataa kuzimika. Betri iliyochanika hivyo isitumike hadi ivalishwe ganda jipya.

Hatua ya 5: Mkia na swichi

Tazama ndani ya mkia. Katika tochi nyingi za bomba, swichi hushikiliwa na pete ya shaba au alumini yenye vijipengo viwili vinavyotazamana. Pete hii hufanya kazi mbili, kuishikilia swichi na kuipeleka njia ya umeme kwenye bomba, na kwa kuwa mkia hufunguliwa na kufungwa kila mara betri zinapobadilishwa, hulegea polepole bila mtu kutambua. Ingiza ncha za kibano au za mkasi katika vijipengo hivyo na uikaze kuelekea kulia. Wakati mwingine robo mzunguko tu hutosha kuifufua tochi ambayo mwenyewe alikwisha kuikatia tamaa. Mimi huanza na pete kabla ya kuigusa swichi, na sijawahi kujutia.

Pete ikiwa imekaza, itoe kabisa, ondoa swichi na uipime kwa mita iliyowekwa kwenye alama ya mlio. Gusa springi kwa ncha moja na ukingo wa kibao cha swichi kwa nyingine. Ikibonyezwa, mita ilie na isome karibu na sifuri. Ikibonyezwa tena, inyamaze. Namba inayopanda na kushuka unapoitikisa swichi inaonyesha kwamba vibati vya ndani vimeungua au vimechafuka. Tone moja la dawa ya kusafishia miguso, likifuatwa na kubonyeza mara thelathini hivi, huweza kuirudisha, ingawa kwa maoni yangu swichi iliyofikia hapo ni bora ibadilishwe, kwa kuwa itasumbua tena siku tochi inapohitajika. Chukua vipimo vya upana na kimo chake kabla ya kutafuta nyingine. Kisha uangalie kifuniko cha mpira: kikitoboka hupitisha maji, na swichi mpya itaharibika kama ya kwanza.

Hatua ya 6: Kichwa

Kichwa hufunguka kwa kuzungushwa, lakini viwanda vingi hukigandisha kwa gundi. Kifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, kiweke katika maji ya moto kwa dakika chache baada ya kuhakikisha kwamba betri zimetolewa, kisha kishike kwa kipande cha mpira na uzungushe. Kioo cha kuakisi mwanga kisiguswe kwa vidole wala kufutwa kwa kitambaa; utando wake wa fedha hutoka kwa urahisi na hauwezi kurudishwa.

Ndani utaona diodi juu ya kibati cha alumini, nyaya mbili zinazoshuka nyuma yake, na kibao kidogo cha duara chenye springi au kitovu katikati. Anza na viungo. Kiungo kizuri cha risasi hung'aa na hukumbatia waya. Kilichopasuka huwa na mduara mweusi mwembamba kuzunguka waya, na huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. Washa umeme kwa jaribio la waya, kisha usukume kila waya taratibu kwa kijiti cha mbao. Taa ikipepesa, umekipata kiungo kilichoachia. Kibao cha duara nacho hushikiliwa pembeni kwa madoa mawili au matatu ya risasi yanayokiunganisha na shaba inayokizunguka, na tochi inapodondoka madoa hayo hupasuka kabla ya kitu kingine. Paka flaksi, yaani dawa inayosaidia risasi kushika, gusa kwa chuma cha moto, ongeza risasi mpya kidogo, na uondoe chuma mara tu risasi inapotandaa.

Viungo vikiwa vizima, ipime diodi yenyewe. Mita nyingi zina alama ya kupima diodi, lakini baadhi hazitoi volti za kutosha kuiwasha nyeupe, hivyo kimya cha mita si uthibitisho kwamba diodi imekufa. Njia iliyo rahisi ni kibetri cha duara cha volti 3. Gusisha upande wake chanya na ncha chanya ya diodi na upande hasi na ncha hasi. Ikiwa nzima itatoa walau mwanga hafifu. Kibetri hicho hakiwezi kuidhuru, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani huzuia mkondo usizidi. Katika diodi ndogo zenye miguu miwili, mguu mrefu ni chanya, na ukiwa umekwisha kukatwa, tafuta upande uliopunguzwa kwenye ukingo wa plastiki: huo ni hasi. Usiiunge diodi ndogo moja kwa moja na betri tatu za 1.5. Volti 4.5 ukitoa 3.2 za diodi zinabaki 1.3, na ili mkondo usizidi miliampia 20 inahitajika rezista ya omu 65. Iliyo karibu zaidi kati ya zinazouzwa ni ya omu 68.

Diodi ikiwaka kwa kibetri lakini isiwake ndani ya tochi, kibao cha nyuma yake ndicho kilichokufa, au rezista yake imekatika. Rezista hubadilishwa kwa dakika chache. Kibao chenye saketi ya kupandisha au kudhibiti volti ni bora kibadilishwe kizima, na kipya kilingane na cha zamani kwa mambo matatu: kipenyo, volti zinazoingia na mkondo unaotoka. Diodi ikiwa ndiyo iliyokufa, weka yenye volti na ukubwa uleule. Diodi ndogo yenye miguu huvumilia chuma cha moto kwa sekunde 2 au 3 tu. Iliyo juu ya kibati cha alumini lazima ipakwe mafuta mazito ya kupitisha joto chini yake, tena tabaka jembamba, kwa sababu ikikosa njia ya kutoa joto itaungua ndani ya muda mfupi, na hiyo ndiyo huenda ilikuwa sababu ya kufa kwa ile ya kwanza.

Dalili ambazo si giza kamili

Mwanga unaopepesa tochi inapotikiswa ni suala la mguso, na tiba yake ni hatua ya 3 na ya 5. Mwanga unaopepesa kwa mpangilio sawa bila kutikiswa, au unaozimika baada ya sekunde chache na kuwaka tena ukibonyeza, kwa kawaida ni saketi inayotangaza kwamba betri inaisha. Tochi yenye nguvu ambayo hufifia baada ya dakika chache na kupata joto haijaharibika. Inajipunguza yenyewe ili diodi isiungue. Mwanga uliogeuka kuwa wa samawati au zambarau unaonyesha kwamba diodi, au unga wake wa njano, umeumia kwa joto, na hauna tiba isipokuwa kubadilisha.

Katika tochi zenye diodi nyingi ndogo, chache huweza kuzimika na nyingine kuendelea, kwa kuwa zimeungwa sambamba. Zikitumia rezista moja kwa pamoja, zilizobaki hubeba mkondo wa zilizokufa, kwa hiyo usingoje hadi nusu yake zizimike.

Kwa tochi za kuchaji, jaribu kwanza waya mwingine na chaja nyingine, kisha utoe vumbi na nyuzi za kitambaa kwenye tundu la chaji kwa kijiti cha mbao. Zile zenye betri ya risasi ya volti 4 huharibika zikiachwa bila chaji kwa miezi, na betri iliyofikia hapo hupokea chaji kwa muda mfupi, huonyesha kujaa, kisha huzimika ndani ya dakika chache.

Kufunga na kujaribu

Paka pete ya mpira ya kuzuia maji grisi ya silikoni, kiasi cha kuifanya ing'ae tu, na uhakikishe grisi haikufika kwenye mdomo wa bomba. Epuka grisi inayotokana na mafuta ya petroli, kwani huvimbisha baadhi ya mipira. Funga kichwa, kisha betri, kisha mkia, na uiwashe kwa muda wa dakika 10 mfululizo ukiigusa kichwani mara kwa mara: joto la kawaida hupanda taratibu na kusambaa hadi kwenye bomba, ilhali diodi isiyoshikana vizuri na kibati chake huacha kichwa kikiwa baridi huku mwanga ukififia. Itikise, igonge kwa kiganja, izime na kuiwasha mara kadhaa. Ikipita majaribio hayo bila kupepesa, na kama si ya kutumika kila siku, toa betri za alkali na uziweke kando yake ndani ya mfuko mmoja, ncha zao zisigusane.